Misumari Mdomoni

"Unibariki Baba, kwa kuwa nimekosa."

Seremala aliganda. Alikuwa amechuchumaa ndani ya kiti cha kitubio, kile kibanda cha mbao cha kuungamia, tena upande wa padri, nyundo mkononi na misumari ameibana mdomoni kama kawaida ya mafundi. Alikuwa anatengeneza ubao wa kukalia, maana ulikuwa unalia kila Padri akijigeuza. Pazia lilikuwa chini. Ng'ambo ya kiwambo cha vitundu, mtu ameshapiga magoti, na sauti yake seremala angeitambua hata usingizini.

Alikuwa Pindo.

Mtaa mzima ulimwita hivyo kwa sababu hakuna fundi cherehani aliyekunja pindo la nguo kama yeye. Jumapili Padri alikuwa ametangaza kwamba mpaka kiti kitengenezwe, watu wataungamia sakristia, kile chumba cha padri cha kuvalia. Pindo hakusikia tangazo; siku hiyo alibanwa na gauni la bibi harusi. Ndiyo maana alipokuta pazia liko chini, akajua Baba yumo.

"Baba, namfanyia mtu ujanja," alisema. "Kuna seremala mmoja, mteja wangu. Ana miguu mirefu na adabu zake. Kila akileta kitambaa cha suruali, nakosea makusudi. Mara kiuno kinabana, mara mguu mmoja unazidi mwenzake. Vipimo vyake ninavyo kichwani, sihitaji hata futi. Nakosea ili arudi."

Seremala nusura ameze msumari.

Hapo ndipo angekohoa. Angegonga nyundo, angepiga chafya, angefanya lolote analofanya muungwana. Badala yake aliitema misumari kiganjani taratibu isije ikalia, halafu, aibu yake mwenyewe, akasogeza sikio kwenye kiwambo.

"Nampenda," Pindo aliendelea. "Yeye anajua mimi fundi mbovu tu, anarudi kwa upole wake. Roho inanisuta, Baba. Nimeona bora nimshonee suruali yake sawasawa, kisha nimwambie atafute fundi mwingine, yaishe. Nifanye hivyo?"

Seremala aliifumbata misumari kiganjani.

"Baba? Nimwache?"

Seremala alifumbua mdomo, akaufumba. Akisema neno moja tu, sauti itamuumbua.

"Nimeelewa, Baba," Pindo alisema kwa unyonge. "Asante."

Nyayo zake zikaondoka polepole mpaka mlangoni.

Jioni seremala alikuwa karakanani kwake anapiga randa bila kujua anaranda nini. Simu ikaita mara moja, ujumbe ukaingia. Alifuta vumbi la mbao kwenye kioo, akasoma:

"Fundi, suruali yako iko tayari, safari hii imetoka vizuri. Nguo nyingine naomba umpelekee fundi wa pale stendi, ana mkono mzuri. Nisamehe kwa usumbufu wote."

Alisoma tena, akakaa juu ya gogo. Msichana aliyemnyima usingizi kumbe anampenda, na hapohapo anamwacha, tena kwa ruhusa ya padri ambaye hakuwepo. Alifikiria aende tu kesho, avae shati safi, aseme nakupenda, ajifanye hajui kitu. Ilikuwa rahisi kabisa. Lakini kila alipojiona anasema maneno hayo, alijiona na sikio lake kwenye kiwambo, na furaha yote ikamwisha.

Asubuhi alimkuta Padri sakristia.

"Baba, nimesikia dhambi ya mtu."

"Ya nani?"

"Siwezi kukwambia."

"Hapo umeanza vizuri," Padri alisema, akamvutia kiti.

Seremala alimweleza yote bila kutaja mtu. Alisisitiza sana habari ya misumari, kwamba mtu mwenye misumari mdomoni hawezi kuongea.

"Ilikuwa mdomoni muda wote?" Padri aliuliza.

Seremala aliangalia viatu vyake. "Mwanzoni."

"Na baadaye?"

"Niliitema."

Padri aliinamisha uso, mabega yakamtikisika. Alipoinua kichwa alikuwa amejikaza, ila macho yalikuwa bado yanacheka. "Sikiliza, mwanangu. Ulichokisikia si mali yako. Usimwambie mama yako, usimwambie rafiki yako, usiziambie hata mbao zako. Mwenyewe tu ndiye unaweza kumrudishia. Hayo ndiyo malipizi yako. Na ukirudisha, rudisha yote, pamoja na misumari."

"Akinifukuza?"

"Bora akufukuze wewe kuliko ampende padri wa bandia."

Dukani kwa Pindo, shangazi yake alikuwa mlangoni anatia vifungo, miwani imemshuka puani. Pindo alimkabidhi seremala suruali yake iliyokunjwa vizuri, bila kumtazama. Seremala aliomba wazungumze wawili. Pindo akamwomba shangazi akanunue uzi.

"Uzi upo tele," shangazi alijibu, akatia kifungo kingine.

Basi ikabidi aseme hivyohivyo.

"Jana ulikuja kuungama. Aliyekuwa ndani hakuwa Padri."

Mkasi wa Pindo ulisimama katikati ya kitambaa. "Alikuwa nani?"

"Mimi. Nilikuwa natengeneza ubao. Nilikuwa na misumari mdomoni, nikashindwa..."

Aliona uso wa Pindo ukianza kulegea, ukimtafutia udhuru. Angeishia hapo, angesamehewa. Na angebaki nayo hiyo misumari maisha yake yote.

"Hapana," alisema. "Misumari niliitema uliponitaja. Ningeweza kusema nipo. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kusikia zaidi. Na ulipouliza kama uniache, sikukubali. Niliogopa tu. Padri hajakuambia uniache, hajui hata habari zako."

Pindo alijifunika uso kwa kitambaa alichokuwa anakata.

"Ulisikia yote?"

"Yote. Nisamehe."

"Toka."

"Natoka. Lakini kuna jingine, nikilificha nitakuwa sijaungama. Meza yako ya kukatia."

"Meza imefanyaje?"

"Ule mguu unaoniitia kila mara. Umewahi kuona seremala gani anatengeneza mguu wa meza, ukirudi mwezi ujao unacheza vilevile?" Aliunyooshea kidole. "Kabari yake huwa siikazi. Naiacha makusudi ili uniite."

Shangazi alidondosha kopo la vifungo. Vikatawanyika sakafuni, na hakuna aliyeinama kuviokota.

"Kumbe!" shangazi alisema. "Mimi na mgongo wangu huu kila siku nakunja karatasi natia chini ya mguu wa meza, kumbe ni mambo yenu."

Pindo alibana midomo. Alijitahidi sana awe na hasira, na kweli alikuwa nayo, lakini kicheko kilimshinda, kikatoka na machozi.

"Kwa hiyo ulikuwa unaniona fundi mbovu?" aliuliza.

"Niliona mkono mzuri, macho ndiyo mabovu. Nikawa najichanga nikununulie miwani. Na wewe?"

"Nilisema Mungu kakunyima mkono, kakupa roho. Nikakupenda hivyohivyo." Kisha akajikumbusha. "Bado nimekasirika. Mambo yale nilimpelekea Mungu, si wewe."

"Najua."

"Kaza huo mguu. Sasa hivi, nikikuona."

Seremala alipiga magoti chini ya meza, akaikaza kabari mpaka meza ikatulia tuli. Shangazi aliitikisa kwa mikono miwili, akaafiki. Wiki hiyo, kiti kilipokwisha kutengenezwa, Pindo alikwenda kuungama upya kwa Padri mwenyewe, na kabla ya kupiga magoti alifungua pazia kuhakikisha. Hasira zilimwisha kidogokidogo. Mara ya mwisho ya kumkasirikia ilikuwa siku seremala alipopeleka wazee kwao, akafika amechelewa.

Suti ya harusi Pindo aliishona mwenyewe. Siku ya kuijaribu, seremala alisimama mbele ya kioo, akanyoosha mkono, akainama, akapiga hatua. Kiuno sawa, mabega sawa, miguu yote miwili sawa. Alijigeuzageuza akitafuta kasoro, akaikosa, na uso ukamshuka.

"Imekaa," alisema. "Sasa sina hata sababu ya kurudi."

Pindo alikuwa ameinama nyuma yake, pini zimemjaa mdomoni. Alizitoa moja moja, zote, akaziweka juu ya meza isiyotikisika. Ndipo akasema.

"Usiondoke."