Dereva Tu

Ilikuwa siku ya soko Lushoto, na watu walikuwa wamejaa hadi barabarani. Dorkasi, mwalimu kijana aliyetoka chuoni mwaka uliopita, alikuwa ameinama kuchagua mapeasi, gauni lake la kitenge amelibana magotini kwa haya, mtu aliposema nyuma yake:

"Dada, hilo ulilolishika lina mdudu."

"Umemwonaje na yuko ndani?"

"Amenipungia mkono."

Dorkasi alicheka kabla hajageuka. Alimkuta kijana mrefu, shati limembana kifua, suruali ya bugaluu inafagia vumbi, na viatu vya raizoni vilivyomwongezea urefu asiouhitaji. Jina lake lilikuwa Sefania, fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha Tanga. Alikuwa amepanda mlimani kumsalimu shangazi yake kwa gari la kuazima, Folksi.

Tangu hapo simu ya shule ikawa inalia kila Ijumaa. Mwalimu mkuu alimwita Dorkasi kwa kukohoa.

"Umekula nini leo, Dori?"

"Niko ofisini kwa watu, Sefania."

"Basi jibu ndiyo au siyo. Umenikumbuka?"

"Ndiyo," alisema, akiikodolea macho ramani ya Afrika ukutani kana kwamba ameulizwa habari za mito.

Jumapili moja, baada ya ibada ya asubuhi, waliondoka wawili kwenda Mtae. Dorkasi hakumwambia baba yake, mzee wa kanisa aliyeishi Lukozi, njiani hukohuko. Folksi ilipita msitu wa Magamba, baridi na harufu ya majani mabichi vikaingia dirishani, kisha yakafuata mashamba ya kabichi yaliyopangwa ngazi kwa ngazi. Walipofika Mtae, milima ilikatika ghafla. Chini kabisa nyika ya Mkomazi ilikuwa imelala kavu, nyekundu, isiyo na mwisho.

"Nikikuoa nitakuleta hapa kila mwaka," alisema Sefania.

"Nani kakwambia utanioa?"

"Mdudu wa kwenye peasi."

Wakasahau saa. Miaka ile petroli ilikuwa haba, na Serikali ilikuwa imepiga marufuku magari ya binafsi kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Saa nane ikawakuta bado wako juu ya Lukozi. Sefania akazima injini.

"Sheria imekataza kuendesha," alisema. "Kuteremka haijakataza."

Folksi ikateremka kimya, kona baada ya kona, Dorkasi akicheka mpaka machozi. Ikaishiwa nguvu mbele ya kanisa la Lukozi, watu wakitoka kikaoni. Sefania akashuka kusukuma. Raizoni zikateleza kwenye tope, bugaluu ikatapakaa matope, na kina mama wakajifunika midomo kwa khanga.

Kutoka katikati yao akaja Mzee Yohane, baba yake Dorkasi, koti jeusi limefungwa vifungo vyote.

"Shikamoo, baba," Dorkasi alisema.

"Marahaba. Huyu ni nani?"

Watu wote walikuwa wakiitazama ile suruali. Dorkasi naye aliitazama, na kwa mara ya kwanza aliiona kwa macho yao.

"Dereva tu, baba. Nilimwomba lifti."

Sefania alisimama wima. Alimtazama Dorkasi kwa muda mfupi, kama mtu anayesubiri mwenzake amalizie sentensi. Dorkasi alitazama chini.

"Naam, mzee," Sefania akasema. "Mimi dereva tu. Shikamoo."

"Marahaba. Vizuri, dereva. Tusaidie kurudisha shuleni mabenchi haya tuliyoazima kwa kikao."

Akayabeba, mawili mawili, watoto wakimfuata wakiiga mwendo wake. Jioni, nyumbani kwa mzee, alipelekewa chakula barazani, peke yake, kwa kuwa ndivyo dereva anavyokaribishwa. Dorkasi ndiye aliyempelekea chai. Alipoiweka, chai ikamwagika kwenye kisahani.

"Asante, mwalimu," alisema Sefania kwa adabu.

Hakuna neno lililowahi kumuumiza Dorkasi zaidi ya lile. Jumatatu alipoamka, gari halikuwapo.

Ijumaa simu haikulia. Iliyofuata pia haikulia. Mwalimu mkuu akaacha kukohoa. Dorkasi alikuwa akifundisha huku uso ukimwaka, na kila alipokumbuka yale mabenchi alitamani ubao ummeze. Hatimaye, siku moja baada ya masomo, alikwenda posta ya Lushoto kuomba simu ya kiwandani Tanga. Foleni ilikuwa ndefu. Nyuma yake alisimama Mzee Hezekia, aliyekaa benchi moja na baba yake kanisani.

"Tanga yako hiyo," Zainabu, opereta wa simu wa posta, alimwambia. "Paza sauti, laini mbovu."

"Haloo. Ni mimi."

"Mimi nani? Huku mashine zinanguruma."

"Dorkasi."

"Mwalimu anatafuta dereva?"

"Usinifanyie hivyo, Sefania." Akashusha sauti, mkono umefunika mdomo. "Nilikuonea aibu. Nisamehe."

"Sisikii."

"Nilikuonea aibu."

"Sema kwa nguvu, mama, hata mimi sisikii," alidakia Zainabu.

Dorkasi akafumba macho. "Nilikuonea aibu mbele ya watu!" Karani akaacha kugonga mihuri. "Wewe si dereva. Wewe ndiwe mwanamume ninayempenda, na nataka uje ukae na baba yangu sebuleni, mle chakula sahani moja!"

Laini ilikwaruza. Alisikia mashine za Tanga, na katikati yake pumzi ya mtu.

"Rudia, Dori," Sefania alisema taratibu. "Sijasikia vizuri."

Alikuwa amesikia kila neno. Dorkasi alilijua hilo kwa jinsi alivyomwita. Masikio yalimwaka. Alitazama nyuma na kukuta foleni yote ikimtazama, na Mzee Hezekia amevua kofia.

"Sema tu, mwanangu," mzee akamwambia. "Sisi hatuna haraka."

Dorkasi akautoa mkono mdomoni, akawageukia watu wote, na akarudia.