Pipa la Mkaa la Mama

Baba alikoroga rangi ya buluu kwenye sufuria kubwa. Binti yake alisuza vitambaa na kuvianika. Maji machafu yalipita kwenye pipa la mkaa, kisha yakatiririka hadi kwenye bwawa la samaki nyuma ya nyumba. Mama ndiye aliyepanga hivyo kabla hajafariki. Samaki nao walikuwa wake.

"Baba, maji yanatoka na rangi," binti alisema.

"Mama yako alilijaza pipa hilo kwa mikono yake. Usiliguse."

Tangu msiba, hakuna aliyeligusa. Baba alilipangusa vumbi tu, kama picha ya ukutani.

Asubuhi moja samaki wote walielea, matumbo juu. Binti aliwaokota kwa ndoo huku akilia. Baba alikaa kizingitini.

"Hata hawa wameniacha," alisema.

Jirani yao alifika. Kazi yake ni kupima maji machafu kiwandani, na kwa kuwa hatembei bila chupa, watu humwita Bi Chupa. Yeye na marehemu walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana.

"Pole, shemeji."

"Hata kwenye msiba wa samaki umekuja na chupa?"

"Ndiye mume wangu huyu, nimwache wapi?"

Alitia mkaa wa pipa kwenye chupa moja iliyotobolewa chini. Kwenye nyingine alitia mkaa aliokuja nao kutoka kiwandani. Akamimina maji ya rangi. Chupa ya kwanza ilitoa maji ya buluu. Ya pili ilitoa maji karibu meupe.

"Mkaa una vitundu vidogo, jicho halivioni," alieleza. "Rangi hunasa humo. Vikijaa, basi. Mkaa wenu umechoka."

"Na huo wako?" binti aliuliza.

"Ni wa vifuu vya nazi. Tunavichoma ndani ya pipa lililofungwa, hewa isiingie. Kisha tunaupitishia mvuke mkali, vitundu vinazidi kufunguka. Lakini nao hujaa. Maji yakianza kutoka na rangi, badilisheni. Hata yakiwa meupe msiyanywe, wala yasiende bwawani. Yatumieni kusuuzia vitambaa."

Baba aliinamisha kichwa. "Nikilimwaga, nitabaki na nini chake?"

Binti alimshika mkono. "Baba, mama alikuwa akiubadilisha mkaa. Wewe ulikuwa sokoni. Mimi ndiye niliyemshikia gunia. Nilitaka kukuambia, lakini kila nikitaja pipa, unalia."

Baba alilia palepale, bila kujificha. Kisha akainuka, akalimwaga pipa, na binti akalijaza mkaa mpya wa vifuu.

Mkaa uliochoka Bi Chupa aliupeleka kiwandani. "Umejaa sumu ya rangi. Msiupikie, wala msiutupe shambani," alisema. Mtaro wa bwawani ukazibwa. Bwawa likasafishwa, likatiwa maji mapya na samaki wadogo. Safari hii walikua.

Siku hizi maji yakibadilika, baba ndiye huita, "Mwanangu, lete gunia!" Bado hulia kidogo anapolimwaga pipa. Lakini hulimwaga.