Asubuhi ya Usaili, Kompyuta Ikagoma

Nilipofungua ubavu wa kompyuta yangu nilikuta imeibiwa vitu vya ndani. Na nyumba hii tunaishi watu watatu tu...

Ndugu zangu mnaosoma, hili limenikuta mimi mwenyewe.

Saa nne asubuhi nilikuwa na usaili wa kazi kwa njia ya video. Usaili wa kwanza tangu niolewe, miaka sita.

Saa tatu nikabonyeza kitufe. Feni inazunguka, taa inawaka, kioo cheusi tii.

Mume wangu alikuwa anavaa saa mkononi.

"Mazabodi imeungua hiyo," akasema, yaani ule ubao mkuu wa ndani. Hata kuinama aitazame hakuinama. "Waambie huwezi. Kwani hapa unakosa nini?"

"Umejuaje kama ni mazabodi?"

"Najua tu."

Akaenda zake kazini.

Sikulia. Kabla ya ndoa nilikuwa fundi wa kompyuta. Yeye alisahau, mimi sikusahau.

Nikabadilisha waya wa umeme. Wapi. Nikachomeka waya wa kioo upya. Wapi. Nikawasha tena, nikatega sikio.

Pii... pii... pii.

Milio mitatu. Kwa mashine yangu hiyo, maana yake haioni RAM, vile vibao vyembamba ambavyo bila hivyo haiwezi kukumbuka hata jina lake. Mazabodi iliyoungua hailii hivyo.

Nikazima, nikachomoa waya, nikashika bisibisi.

Vibao vyote viwili havikuwepo. Vishikizo vyake vilikuwa wazi. Panya hafungui vishikizo, jamani.

Mawazo yakanipeleka kwa mama mkwe, tunayeishi naye. Si ndiye aliyesema jana mezani kwamba mke wa mtu kazi yake ni nyumba yake?

Nikamfuata uani, alikuwa anafua.

"Mama, nakuheshimu. Lakini leo sinyamazi. Vitu vyangu viko wapi?"

Akafuta mikono kwenye gauni. Akachukua vitu viwili juu ya ukuta, akanionyesha kiganjani.

"Hivi? Nimevitoa mfukoni mwa suruali ya mwanangu kabla sijailoweka. Nilitaka nikuulize ni nini."

Nikavipokea. Yeye akanitazama, akaelewa.

"Siku ya kwanza ya kazi yangu hospitalini," akasema taratibu, "baba yake alinifichia viatu. Sikwenda. Sikwenda tena maisha yangu yote."

"Mama..."

"Usisimame hapo, mwanangu. Muda unakwenda."

Nikafuta meno ya vile vibao kwa kifutio cha penseli, nikavirudisha mahali pake, nikavikandamiza hadi vikalia ka, ka. Nikawasha.

Kioo kikang'aa. Saa nne kasoro dakika tatu.

Jioni mume wangu akaingia anatabasamu.

"Umewaambia huwezi?"

"Nimewaambia naanza Jumatatu."

Tabasamu likayeyuka. Akamgeukia mama yake.

"Mama, unamsikia huyu?"

"Namsikia vizuri sana. Wewe kuanzia leo nguo zako utafua mwenyewe."

Mama nilimwomba radhi usiku huohuo, maana nilimhukumu bila kumuuliza. Mume tumemkalisha kikao, na bado hajamaliza kujieleza. Lakini Jumatatu nilikwenda.

Dada yangu unayesoma hapa, mtu akikwambia kitu chako kimekufa wakati hajakigusa, usianze matanga. Kifungue mwenyewe uone kilichopungua, kisha uulize nani alikitoa.