Niliamini Mguu wa Kuku

Wasomaji wenzangu, mkiona herufi zimelala upande na maneno mengine yamekosewa, mnivumilie. Shule niliiacha nilipomaliza la sita la msingi, na mkono huu umezoea kafi kuliko kalamu. Barua hii nimeiandika kidogo kidogo, nikichoka naiweka chini ya godoro.

Nina miaka ishirini na minne. Naishi na mama yangu hapa Kindu, mtaa wa Mikelenge. Nilizaliwa wakati wa vita, na baba simkumbuki.

Mimi ni mtu wa haya. Nikiwa mbele ya watu wawili watatu, ulimi unakuwa mzito, natazama miguu yangu. Labda ndiyo sababu nilipenda kukimbia... Mbio hazikuulizi neno. Kila asubuhi nilikimbia kando ya reli na rafiki yangu Ramazani, fundi wa baiskeli. Yeye aliongea kwa ajili yetu wote wawili, hata akiwa anahema!

Kila mwaka vijana wa parokia na vijana wa msikiti hufanya mbio pamoja, kutoka uwanja wa ndege mpaka bandarini. Anayeshinda hupelekwa Kisangani kukimbia na vijana wa huko. Mwaka uliotangulia nilikuwa wa tatu. Wa tatu, mimi niliyekuwa nakimbia na viatu vya kuazima! Nikajiambia mwaka huu ni wangu. Sikuwa na kitu kingine maishani. Watu wengine wana duka, wana mke, wana diploma. Mimi nilikuwa na mbio.

Halafu mvua ikanyesha asubuhi moja, na sisi tukakimbia tu. Mataruma ya reli yalikuwa yanateleza. Mguu wangu wa kulia ukaingia katikati, mwili ukaendelea mbele... Nilisikia sauti kama kuni kavu.

Ramazani alinibeba kwenye baiskeli mpaka kwa Mama Mwamini. Yeye ndiye anayeunga mifupa mtaani kwetu, kama bibi yake alivyofanya. Hospitali hatukuifikiria hata kidogo. Kwetu mfupa ukivunjika, mtu anapelekwa kwake.

Wengi wenu mnajua kazi hiyo inavyofanywa. Mama Mwamini aliunyoosha mguu wangu, akaufunga na vibanzi vya mwanzi. Kisha akamwomba mama kuku. Mama akaleta tembe mwekundu mwenye manyoya meupe shingoni. Mama Mwamini akamvunja mguu wa kulia, pale pale nilipovunjika mimi, akampaka dawa ile ile na kumfunga vibanzi vidogo.

Akaniambia, "Mutoto, huyu njo ndugu yako sasa. Siku atakanyaga bila kuchechemea, na wewe utakanyaga. Kabla ya pale, hapana! Umesikia?"

Nikasema ndiyo. Siku chache baadaye aliitwa Kampene, ambako wachimbaji walikuwa wameangukiwa na shimo. Akatuachia dawa, akaondoka.

Nikabaki mimi na kuku.

Jamani, kukaa ni kazi ngumu kuliko kukimbia! Asubuhi nilisikia wenzangu wakipita nje, viatu vyao vikipiga udongo, na mimi nimelala kama gunia. Nilimtazama yule kuku kwenye kikapu chake, naye alinitazama. Nilianza kukataa chakula. Nilianza kusema maneno mabaya, kwamba heri mguu ukatwe tuishe. Mama alisikia.

Ramazani ndiye aliyenitoa ndani. Mjomba wake ana mtumbwi unaovusha watu kwenda Alunguli, ng'ambo ya mto. Akasema, "Miguu iko likizo, lakini mapafu je? Na mikono? Unataka vyote vioze pamoja?"

Basi nikawa napiga kafi nimeketi, mguu umenyooshwa juu ya ubao. Mwanzoni nilitapika. Mto Lualaba hauna huruma, maji yanavuta, na abiria wana midomo!

"Kapteni wa mguu mumoja!" mama mmoja muuza samaki alinitania. "Ukituzamisha, sisi tutaogelea, wewe je?"

"Muache," Ramazani akamjibu. "Huyu anakimbia juu ya maji. Weye hata juu ya udongo unashindwa!"

Wote wakacheka. Hata mimi nilicheka, nikiinamia kafi. Nyumbani nilitwanga sombe, yale majani ya muhogo, nimekaa kwenye kiti, mara mkono wa kulia, mara wa kushoto, mpaka jasho lidondoke. Wasichana wa jirani walipita wakisema wamempata mke wa kaka yao. Sikujali. Jioni nilisikia pumzi yangu imekuwa ndefu kuliko zamani. Nilianza kula tena. Nililala nikiona barabara ya bandarini mbele yangu.

Na kila jioni nilimuuliza mama, kuku anaendeleaje? Mama alikuwa anamlaza jikoni kwa sababu ya paka. Alijibu, "Anaendelea."

Siku moja narudi kutoka mtoni, mama ananiita toka uani. "Kuja! Kuja uangalie ndugu yako!"

Kuku mwekundu, shingo nyeupe, alikuwa anatembea. Hakuchechemea hata kidogo! Jogoo alimfukuza, naye akakimbia mpaka nyuma ya choo. Nilikaa chini nikalia kama mtoto mchanga. Mama naye alilia. Nilidhani tunalia kwa furaha moja.

Tukafungua vibanzi vyangu. Mguu ulikuwa mwembamba. Nilipokanyaga, ndani ya mfupa kulikuwa na moto mdogo, kama kaa lililofunikwa na majivu. Lakini kuku alikuwa anakimbia! Nani alikuwa mkweli zaidi, mguu wangu au yeye? Nilimwamini kuku. Ramazani aliponiuliza kama naumwa, nilisema hapana. Na nilisema hapana tena asubuhi ya mbio.

Wasomaji, ile siku nilikimbia kama sijawahi kukimbia! Mto ulikuwa umenipa kifua kipya. Wenzangu walihema, mimi nilikuwa nahesabu migongo yao mbele yangu, na migongo ikaisha... Mbele yangu kukabaki barabara tupu. Mimi, mtu wa haya, watu wanaliita jina langu!

Karibu na stesheni, lile kaa likawaka.

Nilianguka kifudifudi. Watu walidhani nimeteleza, wakapiga kelele, "Simama! Simama!" Nikajaribu. Mguu ulijikunja mahali ambapo hakuna goti. Hapo kelele zikaisha.

Mama alikuwa kwenye umati. Alijitupa juu yangu akipiga kifua: "Ni mimi! Ni mimi nimekuvunja!" Nilifikiri maumivu ya mtoto yamemchanganya akili. Sikuelewa.

Safari hii walinipeleka hospitali. Wakapiga picha ya mfupa. Daktari aliitazama, akasema mfupa haukuwa umeshika vizuri, na sasa umevunjika vibaya kuliko mwanzo. Akauliza, "Nani alikuambia umepona?"

Nikajibu, "Kuku."

Hakucheka. Alisema nitatembea, lakini kuhusu kukimbia hawezi kuniahidi.

Mama Mwamini aliporudi kutoka Kampene alikuja moja kwa moja kwetu, amekasirika. Alimkamata yule kuku, akampapasa mguu wa kulia, halafu wa kushoto. Akamtazama mama.

"Huu mufupa haujavunjika hata siku moja. Huyu haiko kuku wangu."

Mama akakaa chini kwenye udongo. Ndipo tukajua...

Kuku wangu alikuwa amekufa. Alikufa ile wiki niliyokuwa nasema heri nikatwe mguu. Mama alimkuta asubuhi, siafu wamemjaa. Akaamini kwamba nikijua, na mimi nitakwisha. Akamzika nyuma ya jiko. Akavuka kwenda soko la Alunguli, akatafuta mpaka akapata mwekundu mwenye shingo nyeupe. Akamfunga vibanzi juu ya mguu mzima! Na alipoona siku ya mbio inakaribia na mimi nimechangamka, akamfungua.

"Alikuwa na ugonjwa wa kuku, basi!" Mama Mwamini akapiga makofi kwa uchungu. "Ungenitumia habari. Ningesema leteni mwingine, tuvunje, tungoje tena. Ni kungoja tu, mama! Kungoja tu!"

Nilimuuliza mama kwa nini. Nilimuuliza kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwake, Mungu anisamehe.

Akaniambia jambo ambalo sikulijua. Wakati wa vita, treni ilikuwa imekufa, chumvi hakuna, baba akaondoka kwa miguu na wanaume wengine kwenda kutafuta chumvi upande wa Kampene. Hakurudi. Lakini baba mdogo alikuwa akija nyumbani mara kwa mara na kusema, "Nimesikia iko muzima. Anangoja njia ifunguke." Mama alingoja. Alilima akingoja, alininyonyesha akingoja. Vita vilipoisha, baba mdogo akapiga magoti mbele yake. Baba alikuwa amekufa mwanzoni kabisa mwa safari, na yeye mwenyewe ndiye aliyemzika njiani.

"Angenieleza ukweli siku ile, ningelala chini nisiamke," mama akasema. "Na weye ulikuwa unanyonya. Ule uongo njo umekulea. Nikafikiri hata huu utakulea."

Nilikuwa nimechoka. Nilimwambia, "Wa baba mdogo ulinilea, mama. Wako umenivunja." Nikaomba Ramazani anichukue kwake. Mama alileta chakula kila siku, akakiacha mlangoni. Sikukigusa. Ramazani alikula, akaniambia, "Unamuazibu nani? Sombe iko tamu!" Sikucheka.

Nilirudi nyumbani mwenyewe, na fimbo. Hakuna aliyenibembeleza. Nilichoka tu kuwa na hasira, kama mtu anavyochoka kubeba mzigo. Yule kuku bado yuko. Anataga vizuri. Mama hawezi kumchinja, na mimi siwezi.

Sasa navusha watu. Mbio za mwaka huu nilizisikia nikiwa katikati ya maji, kelele zikitoka bandarini.

Juzi jioni mama alinikuta nafunga mtumbwi. Aliniuliza, polepole, kama anayeogopa jibu, "Mwanangu, utakimbia tena?"

Midomo yangu ilikuwa tayari kusema, "Ndiyo, mama, utaona." Ungemlaza usingizi mzuri, uongo ule. Nilimtazama alivyozeeka mwaka huu mmoja... Nikasema, "Sijui, mama."

Akachukua kafi langu begani kwake, akasema, "Asante." Tukapanda ukingo kwenda nyumbani, kwa mwendo wangu.

Wenzangu, nawasihi! Mguu ukikuambia unauma, usikilize huo kabla ya kitu kingine chochote. Na ninyi mnaowauguza watu, msituletee kuku mzima kutufurahisha. Mtuambie yule wa kwanza amekufa. Tutalia, halafu tutangoja tena.

Kama kati yenu yuko aliyevunjika mara mbili mahali pamoja, aniandikie kupitia gazeti hili. Kama ulikimbia tena, nieleze ulifanyaje. Na kama hukukimbia tena, niandikie hivyo hivyo. Nitaisoma barua yako polepole, nami nitakujibu.