Mistari ya Njano

Kila alipotoka shule, Chapuchapu alipitia kazini kwa shangazi yake. Jina hilo alipewa nyumbani kwa kupenda haraka, na kwa miaka yake kumi na mitatu hakuna aliyewahi kumwona akitembea. Shangazi alikuwa mchoraji wa chipu, vile vipande vidogo vinavyokaa ndani ya simu na redio. Alizichora kwenye kompyuta kabla hazijaenda kiwandani, na alikuwa akimfundisha mpwa wake kuandika amri fupi za kuiagiza kompyuta.

Siku hiyo kulikuwa na mchoro wa chipu ya kifaa cha kuwasaidia viziwi kusikia, na kiwanda kiliutaka saa kumi jioni. Shangazi alimwagiza aandike amri ya kufuta maandishi ya maelezo yaliyokuwa kwenye mchoro, atoe nakala ya mchoro na kuijaribu humo, kisha amsubiri. Mwenyewe akaingia kikaoni.

Maandishi yote yalikuwa ya njano, basi Chapuchapu akaandika: futa kila kitu cha njano. Habari ya nakala aliiona inamchelewesha. Akafungua mchoro wenyewe, shangazi akirudi akute kazi imekwisha.

Maandishi yalitoweka. Njia za umeme zaidi ya mia mbili nazo zikatoweka, kwa kuwa nazo zilikuwa za njano. Ilikuwa saa tisa na nusu. Alitamani kufunga programu na kuisingizia kompyuta, na mkono ulishafika kwenye kipanya. Kisha akamfikiria mtoto atakayevaa kifaa kile asisikie kitu, akaenda kugonga mlango wa kikao.

"Shangazi, nimeharibu mchoro wenyewe," alisema. "Sijafunga kitu."

Shangazi alikuja mbiombio, akabonyeza kurudisha hatua ya mwisho, na njia zote zikarudi. Chapuchapu alilia kwa furaha. Waliiandika amri upya pamoja: kwanza iulize kila kitu ni cha aina gani, na ikijibiwa ni maandishi, ndipo ifute. Waliijaribu kwenye nakala, njia hazikuguswa. Wakaitumia kwenye mchoro wenyewe, nao ukaondoka kwenda kiwandani zikiwa zimebaki dakika tano.

"Ungefunga programu, kusingekuwa na kurudi nyuma, na kazi yangu ya leo yote ingepotea," shangazi alisema, akimfuta machozi. "Rangi ilikudanganya, mwanangu. Kuuliza si ujinga, hata ukiiuliza kompyuta. Lakini kilichotuokoa ni kwamba umesema mapema."