Mwenyekiti wa Jumamosi

"Mwenyekiti, usikate simu."

Providence alisimama katikati ya kiwanja cha shule, madaftari ya kidato cha pili kayabana kwapani. Miaka saba hakuna mtu aliyemwita hivyo. Hapa Mpanda alikuwa Madam Provi, mwalimu wa historia, basi.

"Namba yangu umeitoa wapi, Severini?"

"Heri tuliyesoma naye ndiye kanipa. Nimeingia leo asubuhi kutoka Karema. Nakuomba nusu saa tu."

"Ya nini? Ulichotaka si ulishakipata?"

"Ndiyo maana nimekuja."

Akakata simu. Kisha akakaa pale pale kwenye ngazi ya darasa, na mambo yote aliyoyazika yakamrudia.

Walikuwa kumi na mmoja tu. Chama cha Wanafunzi wa Historia ya Sanaa, kila Jumamosi saa nne asubuhi, kwenye chumba cha mwisho kabisa cha chuo, kile chenye viti vibovu. Wenzao waliwacheka: "Nyie ni chama cha kuangalia picha!" Yeye, binti wa wakulima wa tumbaku wa Katumba, ndiye aliyekianzisha na kukiongoza. Severini, kijana wa Karema mwenye mwandiko mzuri, alikuwa katibu. Walitundika shuka jeupe ukutani, wakaazima projekta, wakabishana juu ya vinyago vya Kimakonde mpaka njaa iwaume. Mwaka wa pili akawapeleka Kondoa kuona michoro ya miambani. Mbele ya wale watu wembamba wa rangi nyekundu, Severini alimnong'oneza:

"Aliyechora hapa hakuandika jina lake."

"Alikuwa na kazi, hakuwa na cheo."

Severini alicheka, akamshika mkono, asiuachie mpaka walipofika kwenye gari.

Mwaka wa tatu, wiki tatu kabla ya maonyesho yao ya vikapu vya akina mama wa Katumba, barua isiyo na jina iliingia ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Mwenyekiti si raia, ilisema. Ukoo wake ulikimbia kutoka Burundi mwaka sabini na mbili. Habari hiyo Providence alikuwa amemwambia mtu mmoja tu pale chuoni, Severini. Akasimamishwa uongozi. Baba yake alipofika na cheti cha uraia, wiki mbili baadaye, Severini alikuwa ameshakalia kiti chake. Tangu siku ile Providence hakumsemesha tena.

Saa kumi jioni meseji ikaingia: "Niko mgahawa wa karibu na stesheni. Chai yako imepoa, nimeagiza nyingine."

Providence akajikuta anachana nywele.

Alimkuta kakonda, jua la ziwani limemkolea usoni. Severini alisimama, akataka kumpa mkono, akaurudisha.

"Sema," Providence alimwambia, akikaa.

"Barua sikuandika mimi."

"Aliandika nani?"

"Lidia."

"Lidia wa chama chetu, niliyekuwa nalala naye chumba kimoja?"

Severini akamsogezea simu. Meseji ilikuwa ya juzi: "Severini, nimejifungua mtoto wa kike. Nimemwita Providence. Mume wangu kaniuliza ni jina la nani, nimeshindwa kumjibu. Ile barua niliandika mimi. Nilikuwa nakupenda, nikaona Provi ndiye kaniziba njia. Mwambie. Mimi sina uso wa kumwambia."

Providence aliisoma mara mbili.

"Habari za kwetu alizijuaje?"

"Kwangu. Sikusema kwa ubaya, Provi. Nilikuwa nakusifia, jinsi familia yenu ilivyoanza upya Katumba na jembe tupu."

"Ulikuwa unanisifia."

"Ndiyo. Na kuna lingine." Akanywa chai. "Mzee alipoleta cheti, Heri na wenzake waliniambia nikurudishie kiti. Nikawaambia tusubiri mwisho wa muhula. Hakukuwa na cha kusubiri. Nilikitaka. Nilitaka nifungue yale maonyesho mimi, mama yangu aone picha yangu kwenye gazeti la chuo. Ningesimama siku ile, barua ya Lidia isingekufanya kitu."

Providence alikuwa amekuja amejiandaa kujibu uongo, si ukweli huu.

"Unajua siku ya maonyesho nilikuwa wapi?" alisema. "Nje ya dirisha. Nilikusikia unawaeleza watu kikapu cha bibi yangu. Ulisema ni cha kuwekea nafaka. Kile ni kikapu cha harusi, Severini. Ulikosea, na mimi sikuweza kuingia kukusahihisha."

Machozi yalimtoka. Severini akainamisha kichwa.

"Nisamehe."

"Unaniomba msamaha hapa mezani, tuko wawili. Walioniona naondolewa walikuwa tisa."

Severini akachukua simu, akafungua lile kundi lao la zamani la WhatsApp, ambamo Providence bado alikuwemo ila hakuwahi kuandika neno tangu siku zile. Aliandika kwa muda mrefu. Simu ya Providence ikalia ndani ya mkoba.

"Wenzangu, mwaka wetu wa mwisho nilijua Provi ni raia na nikakaa kwenye kiti chake kwa sababu nilikipenda. Siri yake niliitoa mimi. Nimekula heshima yake miaka saba. Leo nasema mbele yenu."

Heri akawa wa kwanza kujibu: "Mwenyekiti, tulikosa wote. Tuliongea pembeni, mkutanoni tukanyamaza." Mara wengine, mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa Lidia: "Barua ni yangu."

Providence alizima simu, akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Jumapili uje Katumba," alisema. "Ukamwambie baba."

Mzee Jean Bosco alimpokea Severini barazani. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Nilipanda basi siku mbili," alisema mzee, "cheti nimekiweka kifuani. Yule karani alikisoma mara tatu, mimi nimesimama kama mwizi. Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwa mlangoni, baba."

"Mbona hukusema unatujua?"

"Niliona aibu."

"Aibu ya kwangu au ya kwako?"

"Ya kwangu. Nisamehe, baba."

"Bado sijawa baba yako." Mzee alimtazama binti yake, ambaye alikuwa anajifanya anapanga sahani. Akashusha pumzi. "Kaa ule kwanza."

Alikula. Jumapili iliyofuata akarudi, na nyingine, na nyingine. Masika yakaja, barabara ya Karema ikaharibika, bado alifika, suruali ina tope hadi magotini. Siku hiyo Providence alicheka kama alivyokuwa anacheka chuoni, na mama yake alipokisikia kile kicheko jikoni akajua.

Walifunga ndoa mwezi wa nane, tumbaku ilipokwisha kuuzwa. Wanane kati ya wale tisa walikuja, wengine kwa treni hadi Mpanda. Lidia hakuja. Alipiga simu asubuhi, na Providence, akiwa tayari kavaa shela, akapokea.

"Mtoto anaendeleaje?"

"Anaota meno," Lidia alijibu, kisha wote wawili wakalia.

Mchana, baada ya chakula, Providence aliwatazama rafiki zake chini ya turubai. Vipara vimeanza, vitambi pia, na tayari walikuwa wanabishana juu ya vinyago, kila mtu anamkatiza mwenzake. Severini alimwona anapangusa macho.

"Unalia nini?"

"Miaka saba, Severini. Tungekuwa na mtoto darasa la kwanza sasa hivi."

"Najua, Provi."

"Sitaki uniambie itarudi."

"Haitarudi."

Alimshika mkono. Wakakaa hivyo kidogo, kisha Heri akawaita, na wakanyanyuka kwenda kukaa na wenzao.