Mkwaruzo Ndani ya Pampu ya Nne

Roboti-mkaguzi ilitambaa juu ya pampu ya nne kama kinyonga, ikigonga chuma kwa vidole vyake sita na kusikiliza. Kituo hiki cha jotoardhi kiliipa nusu ya Jiji la Mbeya umeme wake, na kila mashine ilikaguliwa hivyo mara mbili kwa siku. Taa ya roboti ikawaka kijani.

"Nzima," Tusekile naye akaandika.

Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa nne wa uhandisi. Pampu za aina hii alishazifungua mara mia nne, zote ndani ya miwani-mwigo, chombo kinachomwonyesha mvaaji karakana nzima bila kutoka darasani. Hii ilikuwa wiki yake ya kwanza kusimama karibu na pampu yenye joto na harufu.

"Umeigusa?" aliuliza Fundi Ambokile, msimamizi wa zamu, mzee ambaye hakuonekana bila glavu.

"Roboti imeshapima, baba."

"Nimekuuliza wewe."

Tusekile akaweka kiganja kwenye kifuniko. Joto la kawaida, mngurumo wa kawaida. Alikuwa karibu kukiondoa alipohisi kitu chini ya mngurumo ule: mkwaruzo mdogo, unakuja, unapotea, unakuja tena. Akaenda kushika pampu ya tatu. Haukuwepo. Akarudi. Upo.

"Kuna kitu kinakwaruza," alisema. "Hebu shika na wewe."

Mzee akavua glavu. Viganja vyake vilikuwa vimekakamaa, vinang'aa kwa makovu.

"Mvuke uliniunguza miaka tisa iliyopita. Sihisi chochote. Siku ya tatu leo masikio yananiambia pampu hii inaumwa, lakini masikio yangu nayo yamezeeka. Ukisema tuizime, naizima. Ila uwe na hakika, mwanangu. Nusu ya jiji itakosa umeme."

Tusekile akagusa tena, amefumba macho, mpaka akaweza kuihesabu mikwaruzo.

"Izime."

Pampu haijatulia vizuri, meneja wa kituo akapiga simu akifoka: tangu lini mwanafunzi akabishana na mashine? Fundi akamwacha aongee. Wakaifungua kwa mikono, Tusekile akining'inia kwenye spana kwa uzito wake wote, maana nati za kwenye miwani hazikuwahi kushika kutu. Ndani, beringi inayoshikilia mhimili wa pampu ilikuwa imepasuka, imebaki kidogo tu kuachana. Ingeachana, maji yanayochemka yangemrukia yeyote aliyesimama karibu.

Roboti ilifundishwa kwa sauti za pampu mpya. Ugonjwa huu haikuwahi kuusikia.

Walipokuwa wananawa, Tusekile aliuliza, "Kwa nini hukuomba mtu mapema, baba?"

"Niliomba mwanafunzi miaka sita mfululizo," alisema Ambokile, akijifuta mikono taratibu. "Kila mwaka waliniletea roboti."